Mama Pulkeria Arudisha Picha kwa Mara ya Tatu

Mama Pulkeria aliiweka bahasha juu ya stuli, akaigongagonga kwa kidole kama mtu anayerudisha dukani mayai yaliyooza.

"Mama Tumwine," alisema, "huyu si mimi."

Mackrine, mpiga picha, hakuifungua. Ilikuwa mara ya tatu bahasha ile kurudi, na kila iliporudi pembe zake zilikuwa zimechakaa zaidi, kwa sababu kabla ya kurudi ilipita nyumba kwa nyumba ikichambuliwa.

"Ni wewe, mama. Gauni ni lako. Rozari ni yako."

"Gauni langu, rozari yangu. Uso ni wa mtu aliyetolewa wodini asubuhi. Tazama hapa shavuni. Mimi nina rangi ya majani?"

Kwenye picha alikuwa nayo. Hilo ndilo lililomkera Mackrine kuliko maneno yenyewe: mwanamke yule msumbufu alikuwa anasema kweli. Kulikuwa na ukijani mwepesi upande wa kushoto wa uso, kama kuvu linaloanza kwenye mkate, na Mackrine alikuwa ameuona tangu wiki ya kwanza akajidai hajauona.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa miguu. Mackrine alikuwa amempiga picha kuanzia kifuani kwenda juu, uso ukae vizuri. Mama Pulkeria akauliza miguu imekwenda wapi. Alikuwa amevaa viatu vipya alivyoletewa na binti yake, na sasa watu wangesema alikuja peku. Mara ya pili kosa lilikuwa mng'ao. Wanawake wa Isingiro hawaendi kupigwa picha bila kujipaka mafuta ya mgando mpaka paji la uso liwake, na taa ya duara ikiangukia paji la namna hiyo, panatokea mwezi. Mackrine alipoleta kitambaa amfute, Mama Pulkeria alirudi nyuma hatua mbili. "Nimejipaka mwenyewe kwangu. Unanifuta kama mtoto mwenye kamasi?"

Angekuwa mteja mwingine, Mackrine angemwambia aende zake. Lakini Mama Pulkeria ndiye aliyewaongoza akina mama wa jumuiya, na akina mama kumi na wawili walitakiwa kupeleka picha parokiani kwa ajili ya kitabu cha jubilei. Wote walikuwa wanasubiri kuona yake itatokaje. Akikubali, wangekuja. Akikataa, wangepanda gari kwenda Kayanga, na chumba kingerudi kuwa stoo.

Maana chumba kilikuwa stoo. Miaka yote, kahawa ya maganda ya mumewe, Cleophace, ililala humo ikingoja kuuzwa. Mackrine alipouza nguruwe wawili akanunua kamera iliyotumika, Cleophace alikuna kidevu, akasema sawa, chukua chumba, lakini kahawa ikianza kuanikwa na hakuna mtu anayekaa kwenye hiyo stuli yako, magunia yanarudi. Alisema bila ukali. Cleophace husema mambo yote bila ukali, na ndiyo maana hayabadiliki.

Sasa kahawa ilikuwa imeiva. Ilionekana kila upande, nyekundu katikati ya migomba.

"Njoo Alhamisi asubuhi, mama," Mackrine alisema. "Mara ya mwisho."

"Ya mwisho kwako au kwangu?" Mama Pulkeria aliuliza, akaondoka.

Siku mbili zile Mackrine hakupumzika. Alikuwa ameshapaka ukuta rangi nyeupe. Akaupaka tena, akidhani ukuta ndio unaotoa ukijani. Alibadilisha pazia la nyuma. Alihangaika na vitufe vya kamera mpaka picha zikawa za bluu, kisha za njano kama mchuzi. Mwisho alitundika kiroba cheupe cha unga juu ya stuli, mahali pa kichwa cha mtu, akakipiga picha. Kiroba nacho kikatoka kijani upande wa kushoto.

Upande wa kushoto kulikuwa na dirisha.

Alitoka nje, akazunguka nyumba. Pale chini ya dirisha, mahali ambapo kwa miaka mingi maganda ya ndizi na majivu ya jikoni yalitupwa, ilisimama migomba minne minene kuliko yote kibanjani, shamba lile linaloizunguka nyumba. Majani yake yalikuwa mapana kama milango, yamelalia dirisha, na jua lililoingia chumbani lilikuwa limepita kwanza ndani ya majani yale. Mwezi mzima alikuwa anawapiga watu picha ndani ya mgomba. Alizaliwa kwenye kibanja, akaolewa kwenye kibanja, na macho yake yalizoea mwanga ule kiasi kwamba hayakuujua kuwa una rangi. Kamera iliyotoka kwa watu wengine ndiyo iliyouona.

Alikwenda kuchukua panga. Aliporudi, mama mkwe wake, Kokwijuka, alikuwa tayari amesimama kati yake na migomba. Haikujulikana nani alimwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo panga linakwenda wapi?"

"Majani tu, mama. Yananiharibia picha."

"Majani tu!" Kokwijuka aliuelekeza mkono kwenye mkungu mkubwa uliokuwa umeegemezwa kwa miti miwili. "Mkungu huu haujakomaa. Ukivua mgomba majani, utabaki na ndizi kama vidole vya kichanga. Picha yako tutaipika na maharage?"

"Mama, nitafukuzwa kwenye chumba."

"Utafukuzwa chumbani, hutafukuzwa kwenye chakula. Rudisha panga, waitu, mwanangu."

Mackrine alirudisha panga. Alipigilia gunia dirishani, na Alhamisi asubuhi alifunga na mlango pia, chumba kikawa giza, ikabaki taa ya duara peke yake. Mama Pulkeria aliketi kwenye stuli, miguu imepangwa, viatu vikitazama mbele. Mackrine alipiga. Kijani kilikuwa kimekwisha. Mahali pake ulirudi ule mwezi wa kwenye paji, na ndani ya kila jicho kulikuwa na pete nyeupe, kama paka aliyemulikwa na pikipiki. Akasogeza taa juu, macho yakawa mashimo. Akaisogeza pembeni, nusu ya uso ikapotea.

"Kidevu chini kidogo, mama."

"Umesema juu sasa hivi."

"Sasa ni chini."

"Kisha uniambie nicheke. Nicheke nini? Nimekaa gizani nachomwa na taa kama kifaranga." Mama Pulkeria alisimama, akajifunga kitenge. "Mimi nakwenda Kayanga. Na wenzangu nakwenda nao."

Alifungua mlango kwa nguvu. Mackrine, kamera mkononi, alimpita akasimama barazani kumzuia. Lakini mtu kama Mama Pulkeria hawezi kuondoka bila kumaliza maneno, kwa hiyo alisimama kizingitini, akainua kidole, na kusema yaliyobaki. Mackrine hakuyasikia.

Mlango ule ulitazama magharibi, kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa. Saa tatu asubuhi kivuli cha nyumba kilifunika baraza tu. Kutoka hapo jua liliangukia saruji tupu, nayo saruji ilikuwa inalirudisha, pole pole, bila kelele, juu ya kila kilichosimama mlangoni. Uso wa Mama Pulkeria ulikuwa na rangi yake. Weusi wenye wekundu ndani, kama udongo wa shambani baada ya mvua. Mikunjo ya machoni ilionekana yote na hakuna hata mmoja uliomzeesha. Nyuma yake giza la chumba lilikuwa zuri kuliko pazia lolote.

"Usisogee," Mackrine alisema.

"Nini?"

"Simama hapo hapo. Endelea kunitukana."

Alirudi nyuma kidogo pale barazani, akapiga. Kisha akaisogeza stuli kizingitini, akamketisha, akapiga tena. Alikuwa anarekebisha lenzi mara ya tatu uso ulipozama gizani ghafla, kama chungu kilichofunikwa. Akageuka. Cleophace alikuwa ametandaza turubai katikati ya uwanja, saruji hairudishi tena mwanga, naye anamwaga kahawa, debe la pili.

"Baba Tumwine! Usimwage hapo!"

"Tulikubaliana," alisema Cleophace bila ukali. "Kahawa imeiva. Na sioni mtu kwenye stuli."

"Mimi nani?" Mama Pulkeria aliuliza kutoka mlangoni.

Cleophace alishusha debe. "Shikamoo, mama. Sikukuona."

"Marahaba. Lete hiyo kamera nione kwanza."

Mackrine alimpa. Mama Pulkeria alikitazama kioo kwa muda mrefu, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Cleophace alingoja. Hata kahawa ilionekana kungoja.

"Huyu namjua," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. Kisha ile ya kawaida ikarudi. "Cleophace, vuta turubai lako mpaka kule chini kwenye mparachichi. Jumamosi nawaleta wenzangu. Hao kumi na mmoja watakaa wapi, juu ya kahawa?"

Cleophace alimtazama mkewe. Akainama, akaanza kuvuta turubai.

"Na magunia?" aliuliza bila kugeuka.

"Yaweke humo humo, nyuma kabisa, gizani," Mackrine alisema. "Mimi nahitaji mlango tu. Lakini gunia moja likionekana nyuma ya kichwa cha mtu, baba Tumwine, utalala nalo."

"Sasa," alisema Mama Pulkeria akirudi kwenye stuli, "rudi nyuma. Bado hujachukua viatu."

Mackrine alirudi nyuma, hatua moja, mbili, tano, mpaka visigino vikakanyaga kahawa iliyobaki, akampiga picha mwanamke mzima pamoja na viatu vyake. Aliposhusha kamera, Kokwijuka alikuwa anakuja kutoka upande wa dirisha, amevaa gauni la misa, paji limepakwa mafuta linawaka.

"Na mimi," alisema. "Ila hapa mlangoni sitaki. Nipige kule kwenye mkungu wangu."