Pete ya mume wangu, mkononi mwa Hajati

Banange, wenzangu, leo mwanamke mwingine amenirudishia pete ya ndoa ya mume wangu. Sebuleni kwangu, hapa hapa Bugolobi!

Hajati mmoja. Mzee kama mimi, na bado mzuri, niseme tu ukweli.

"Dada yangu," akasema, "wakati wa utawala wa wanajeshi, mume wangu alifungwa kambini bila mashtaka. Mzee wako ndiye aliyekuwa wakili wake, akamtetea bila malipo."

Hiyo naijua. Miaka ile ya sabini mume wangu alitetea watu bure, na wake za wafungwa nikiwapikia chai mimi.

Lakini pete? Mimi niliambiwa ilizama ziwani, Port Bell!

"Mawakili walioshtaki jeshi walikuwa wakifanya hivyo," akasema. "Kabla ya kuingia kortini, wakili anaiachia familia ya mteja pete yake. Asipotoka, ipelekwe kwa mkewe. Wako alitoka. Mume wangu akaachiwa, tukakimbilia Kenya siku ile ile, pete nikiwa nayo. Ndiyo kwanza nimerudi."

Nikamgeukia mzee wangu. Anakoroga chai tu.

Hajati akaongeza, taratibu: "Aliponipa, alikuwa analia."

Analia!

Mimi, mkewe, sijawahi kuona chozi la mtu huyu. Asubuhi ile ya korti aliniambia anawahi foleni ya sukari.

Na jioni alirudi na sukari, jamani.

Pete nimeipokea. Haimwingii tena kidoleni.

Hajati nimempa chai, ni mgeni.

Sukari sikumtilia. Nyinyi mngemtilia?