Bahari ya Isihaka Mhina

Nikikuta kambare anauzwa sokoni Korogwe, mimi hupita upande wa pili. Mke wangu anadhani ni mambo ya dini, maana kambare hana magamba. Sijamwambia, na nikimwambia atacheka, na kucheka ndiko kunakoniumiza.

Isihaka Mhina alikuwa Mzigua wa Kwamsisi, mtu mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Kazi yake relini ilikuwa kuunganisha na kufungua mabehewa, Korogwe mpaka Tanga na kurudi. Mimi jina langu Matayo, Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa na mkonge, mkonge ukamsahau hukuhuku, nasi tukabaki. Kwa hiyo mimi na Isihaka ni watani tangu enzi za mababu. Kwa vijana wasiojua utani niseme: mtani akikuibia kuku, unacheka. Akikutukana, unamtukana zaidi, halafu mnakunywa chai. Kumkasirikia mtani ni mwiko. Wakati ule niliiona sheria nzuri sana.

Mkewe, Fatu, alikaa Kwamsisi akilima, akija Korogwe baada ya mavuno tu. Alikuwa na matende. Mguu wa kushoto ulimvimba kama kinu. Wenzake wenye miguu mizima walikwenda pwani wakarudi na chumvi na hadithi, yeye akabaki na jembe. Isihaka alimbembeleza waende Tanga kwa treni, hakutaka.

"Baharini watu hupandisha kanga," alisema Fatu. "Mimi nikipandisha yangu, watasahau kuangalia bahari."

Sasa, Isihaka alikuwa ameyaona matumbawe. Siku moja maji yamekupwa sana Tanga, alitembea kwa miguu mpaka kwenye miamba, akakuta bustani ndani ya maji: mawe yenye maua yanayofumba ukiyagusa, na samaki wa rangi ya buluu wadogo kama kidole. Alipomsimulia Fatu, Fatu akamuuliza, "Samaki wa buluu? Huko Tanga huwa mnakunywa nini?"

Neno hilo lilimkaa moyoni. Mwaka wa sitini na nane akaniambia, "Mtani, kama Fatu haendi baharini, basi bahari itapanda treni."

Alichora nyuma ya karatasi kuukuu za mizigo, wiki nzima. Sanduku la mbao za mvule, refu kama kitanda cha mtoto, mbele kioo cha dirisha. Fremu ya chuma aliikataa. "Nimeona chumvi inavyokula behewa," alisema. Maungio akayaziba kwa lami. Siku ya kwanza alipolijaza maji ya bomba ili alijaribu, lilivuja likalowesha godoro lake. Nikamuuliza kama anajenga bahari au bafu. Akakwangua lami yote, akaanza upya.

Tanga alikuwa na rafiki, Hiza, Mshambaa aliyefagia chumba cha sayansi katika shule moja. Hiza alikuwa amesikiliza masomo mengi kuliko wanafunzi. Ndiye aliyemwambia, "Mawe kwanza. Ndani ya mawe mna vidudu vya kusafisha maji. Yakae mwezi mzima peke yake, ndipo ulete samaki. Na maji yakipungua ongeza ya mvua, usiongeze ya bahari, maana jua linakunywa maji linaacha chumvi." Isihaka akakwaruza alama kwenye kioo kwa msumari, maji yasishuke chini yake.

Maji ya bahari yalikuja kwa madebe, kwenye behewa la nyuma, madebe mawili kila safari. Abiria walidhani ni mafuta ya taa. Mawe yalikuja yamefungwa kwenye magunia mabichi. Hewa aliipata kwa akili ambayo mpaka leo naisifu: mpira wa ndani wa tairi la lori, anaujaza kwa pampu ya baiskeli, halafu unatoa hewa kidogo kidogo kwa kimpira chembamba cha hospitali, mapovu yanapanda ndani ya maji. Mpira ukijaa unatosha nusu siku. Akiwa safarini, kupiga pampu ilikuwa kazi yangu, asubuhi na jioni.

Mwezi ulipokwisha akaleta samaki wanne, wawili wa buluu na wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kitu kama ua chenye vidole laini ambacho wale wa chungwa walilala ndani yake. Mzee Semboja, balozi wetu wa nyumba kumi, akaja kukagua.

"Isihaka, Azimio limekataza mtu kujilimbikizia mali."

"Shikamoo mzee. Hawa wanakaa pamoja, wanakula pamoja, hakuna anayemnyonya mwenzake."

Mzee Semboja akainama akatazama kwa muda mrefu. "Na huyu aliyejilaza kwenye majani?"

"Huyo ndiye balozi wao."

Kuanzia hapo mzee alikuja kila jioni Isihaka akiwapo, anasema anakagua.

Fatu akatuma habari kwamba anakuja Jumamosi na lori la ushirika. Isihaka hakumwambia kitu. Alinunua kitambaa cheupe cha kufunika sanduku, amfunulie mwenyewe. Jumatano akaondoka na treni, arudi Alhamisi jioni.

Alhamisi mchana nilipita mtoni, nikakuta vijana wamevua kambare. Nikamchukua mmoja, mnene, mwenye ndevu kama mjomba wangu wa Tabora. Nikamtia ndani ya bahari ya Isihaka. Niliona ni utani mtamu kuliko yote niliyowahi kufanya: arudi akute Mnyamwezi amehamia Uzigua, amekaa katikati ya mapambo yake. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Isihaka hakurudi jioni ile. Mvua ilikata njia, treni ikalala Muheza. Ijumaa asubuhi nilipokuja kupiga pampu, kambare simwoni. Nikasema amejificha nyuma ya mawe, kambare ndivyo walivyo. Kwamba samaki wa mto hawezi kuishi kwenye chumvi, hilo halikunijia kichwani, na mimi nimezaliwa kando ya Ruvu hii inayokwenda Pangani. Jioni nilialikwa Korogwe ya zamani kunywa togwa ambayo haikuwa togwa. Pampu sikupiga.

Jumamosi nilipofungua mlango harufu ilinisukuma nje. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Wale wa buluu walielea juu, tumbo limegeuka. Nilikuwa bado nimesimama hapo Isihaka alipoingia na debe lake la mwisho begani. Alilitua taratibu. Akaingiza mkono nyuma ya mawe, mkono ule mrefu, akamtoa kambare, ameoza. Akanitazama.

Halafu akacheka. "Mnyamwezi wewe," akasema. "Utakufa huna akili."

Nilimwambia, "Isihaka, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe si mtani?" Akatoka kwenda kumfukia kambare.

Lori la Fatu lilifika kabla ya adhuhuri. Aliingia akiburuta mguu wake, akaketi kwenye kiti alichowekewa, akakaza macho kwenye kile kioo cheupe.

"Ndiyo bahari hiyo?"

Nilimtazama Isihaka. Angeweza kuninyooshea kidole. Lakini kumshitaki mtani ni kukasirika, na yeye alikuwa mtu wa mila.

"Ndiyo hii," akasema.

"Mbona inanuka?"

"Inanuka kidogo."

Fatu akajifunika pua kwa kanga. "Basi nimeiona. Kumbe mguu wangu ulikuwa na akili kuliko mimi."

Kesho yake Isihaka alilivunja sanduku. Mbao akatengenezea kabati. Hakuleta debe tena.

Fatu alifariki mwaka wa sabini na tisa, Kwamsisi, bila kuiona bahari nyingine. Mazikoni ni kazi ya mtani kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Watu walinisubiri. Nilisimama mbele yao na nikasema kweli: kwamba Fatu alidanganywa kuhusu bahari, kwamba haikuwa ikinuka, kwamba mimi Matayo ndiye niliyetia kambare nikaenda kunywa pombe. Nilisema yote, mpaka pampu.

Wakaanguka kwa kicheko. Wanawake waliokuwa wakilia walishikana mabega. Kadiri nilivyoapa kwamba ni kweli, ndivyo walivyozidi. Isihaka naye alicheka huku machozi yakimtoka, na siku ile hakuna ambaye angejua ni machozi ya nini.

Akaniletea haki yangu ya mtani, kuku jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Akainama sikioni kwangu.

"Sasa nyamaza," akasema. "Umeshasema."

Nilimfunga kuku kwenye baiskeli nikarudi naye Korogwe. Kila mtu aliniuliza lini tunamla. Sikumchinja. Aliishi kwangu miaka minne, akawika kila alfajiri, mpaka akafa kwa uzee.