Taa Niliyoipeleka Kwenye Mita

Mwanangu alioa Uingereza, akamwoa Myahudi. Harusini sikwenda. Nilisema magoti yananiuma. Miaka sita baadaye walikuja Maskati mara ya kwanza, wakasema watalala kwangu siku tatu, kisha wahamie hotelini. Sikuuliza kwa nini.

Walifika siku ya kwanza ya Hanuka, sikukuu ya mkewe ya siku nane, ambapo kila jioni huongezwa taa moja. Mkewe alikuwa na utaratibu wake: taa zikiwaka, umeme wote wa nyumba unazimwa ili tuuokoe, isipokuwa wa friji. Taa alizitengeneza kwa vifinjani vyangu vya kahawa vilivyomeguka midomo. Mafuta ni yaliyobaki kwenye kukaanga kaimati, ambayo mimi siku zote huyamwaga kwenye sinki. Nilipewa kazi ya kuyachuja kwa kitambaa. Niliifanya vizuri.

Jioni ya tatu, baada ya Magharibi, tulikaa mbele ya taa tatu, na ya nne juu yake kidogo. Nilikuwa mtunza ghala kwenye viwanda vya Rusayl miaka ishirini na minane, na sikuwahi kupokea katoni bila kuifungua. Nikataka kuhakikisha kama kweli tunaokoa umeme. Nikachukua taa moja, nikatoka nayo hadi kwenye mita, ukutani nje. Upepo ukaizima.

Nikarudi na kifinjani kinafuka moshi.

"Baba, ulikuwa wapi na taa?" mwanangu aliuliza.

"Kusoma mita."

Mkewe, ambaye Kiswahili amefunzwa na mumewe, alinieleza taratibu. Taa zile hazifanyiwi kazi yoyote, ni za kutazamwa tu. Ya kutumika ni ile ya juu.

"Ungesema, baba, ningekupa ile," aliongeza mkewe. "Na mita inasemaje?"

"Sikuiona."

"Mtunza ghala karudi mikono mitupu," alisema mwanangu.

Mkewe akaiwasha tena ile yangu, akaniambia nikae.

Nikakaa. Hapakuwa na televisheni wala kitu cha kukagua. Nilikuwa nimeamua kwamba wasiponiuliza habari ya harusi, sitaitaja. Hawakuniuliza.

"Magoti yangu yalikuwa mazima," nilisema.

"Nnajua, baba," alisema mwanangu. "Siku ile ya harusi ulipanda ngazi kufunga dishi. Shangazi alitutumia picha."

Mkewe alinisogezea sahani ya kaimati. Zilikuwa zimepoa. Nilikula nne.

Asubuhi mwanangu aliipigia simu hoteli kufuta chumba. Mimi nikaenda jikoni kuchuja mafuta.