Kijitabu Chenye Mwaka wa Uongo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2017, nilipewa glavu na mkokoteni. Mimi, mkutubi mzima niliyesomea Bagamoyo, napelekwa ghala la vitabu huko Euless, Texas, kusukuma maboksi! Nilinuna wiki nzima. Lakini kazi nikaishika, na mwaka uliofuata wakanihamishia Houston, maktaba kubwa, meza ya uorodheshaji. Mworodheshaji, wanangu, ndiye anayekipa kitabu anwani yake. Akikosea, kitabu kimepotea kikiwa rafuni.

Hapo nikaletewa mashairi ya Wakatalani, watu wa Uhispania wenye lugha yao, maboksi kumi na moja, zawadi ya Bi Remei, bibi mjane wa huko kwao, mkazi wa Katy, mji wa jirani. Kila mshairi nilimwandikia kadi, kamusi mkononi: kazaliwa wapi, kaishi vipi, katunga nini. Wengi walipata taabu. Dikteta wa Uhispania alipopiga marufuku vitabu vya lugha yao, kuna waliokimbilia ng'ambo, na kuna waliobaki wakiandika kimyakimya.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba mwaka wa kitabu ni ule uliochapwa kwenye ukurasa wa jina. Kijitabu kimoja kilionyesha mwaka wa kabla ya marufuku. Nikakihesabu toleo la kawaida tu, lisilostahili nafasi rafuni, nikakipiga muhuri wa kuondolewa. Ijumaa lori lingekuja kuchukua vya kusagwa.

Jumatano, najaza kadi ya mtunzi wake, mfamasia wa kijijini, nikashtuka. Binti yake alizaliwa miaka mitano baada ya ule mwaka, akafa mdogo. Na mashairi yote ya kijitabu yalikuwa ya kumlilia binti huyo! Mtu atamliliaje mtoto ambaye hajazaliwa?

Nikampigia simu Bi Remei. Akacheka mpaka akakohoa.

"Tuliweka mwaka wa zamani makusudi, polisi wakikikamata waone ni cha kabla ya marufuku. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyeshona kurasa, jikoni kwa mama. Vingine vyote vilichomwa. Kimebaki hicho."

Kimebaki hicho, nami nimekipiga muhuri!

Mkuu wa Uorodheshaji alikuwa Mkenya, mtu wa sheria. "Mama, rules ni rules. Ushai-stamp, imeisha hiyo."

"Nimekosea mimi, na nakosoa mimi. Huo ukurasa unadanganya!" Nikamwekea kadi na kijitabu mezani. Akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Aki Mama, tungeisaga?"

"Si ndiyo nakwambia!"

Akaukata ule muhuri kwa kalamu yake mwenyewe, na kijitabu kikaenda chumba cha vitabu adimu. Siku hiyo niliendesha gari mpaka nyumbani Pearland naimba peke yangu.

Bi Remei alipokuja kukiona, nilikuwa nimebakiza sehemu moja ya kujaza: mshonaji. Nikamuuliza niandike nani. Akatazama mlango kwanza. Kumbe zaidi yangu hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe. Kisha akajinyoosha kitini, akataja jina lake, na la baba yake, na la mama yake, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wasomaji.

Nimestaafu tangu 2020, na ninaringa, kwa nini nisiringe? Vitabu vingi nilivyoorodhesha nimevisahau. Hicho siwezi. Bi Remei hunipigia kila Jumapili akitoka misa, ameshafungua orodha ya maktaba kwenye kompyuta kuhakikisha jina lake halijafutwa.

"Lipo?" namuuliza.

"Lipo!"