Pua ya Pili

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile asubuhi kule Dindira nilipobandika maji ya chai jikoni, nikatoka kukaa barazani nikisuka ukili, na sufuria ikakauka, ikaungua, ikaanza kufuka, nami nimekaa pale pale bila habari. Jirani ndiye aliyekuja mbio. "We Mwajuma, una wazimu? Jiko linawaka hilo!" Moshi niliuona baada ya kuambiwa. Kuunusa, sikuunusa.

Mafua yalikuwa yamenishika siku za nyuma, yakapita, nikamshukuru Mungu. Kumbe yamepita na pua yangu. Nikanusa sabuni, hakuna kitu. Nikachukua kitunguu nikakiuma kabisa, machozi yakatoka, harufu haipo. Nikakaa chini nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Labda unajiuliza, pua nayo ni kitu cha kulilia? Ngoja nikueleze kazi yangu. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilipanda milimani kumfuata dada yangu aliyeolewa huko, nikawa mchumaji wa chai kama wengine. Chai, mwanangu, haitoki shambani ikiwa nyeusi. Majani huchumwa mabichi, yakanyaushwa, yakasokotwa na mashine mpaka yatoe maji yake, kisha hutandazwa chumbani yavundikwe. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Rangi ya kijani inakwenda ikiwa ya shaba, na ile harufu ya nyasi inaondoka taratibu, inakuja harufu tamu kama ya tunda lililoiva. Ukiyapeleka kwenye mashine ya kukaushia kabla ya harufu hiyo, chai inakuwa kali ya kukwaruza. Ukichelewa, imepooza. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini siku ya ukungu si siku ya jua, na saa haijui hayo. Anayejua ni pua. Basi chumbani mle, pua ilikuwa mimi.

Msimamizi wa chumba alikuwa Mzee Kihiyo, Msambaa mfupi, mchache wa maneno, ambaye kicheko chake sijakisikia mpaka amestaafu. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kikapu cha kuchumia. Alinisikia siku moja nikinywa chai na wenzangu nikasema, "Hii ya leo imecheleweshwa," akageuka akanitazama. Zilikuwa zama za Ujamaa, kila mkutano unaambiwa mwanamke naye ni mjenga nchi, na nadhani alitaka kuona kama maneno hayo yana ukweli. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyewahi kukabidhiwa chumba kile. Wenzangu wakanibandika jina, Mama Pua, na ingawa walilisema kwa utani mimi nililipenda.

Nikamwendea siku ile ile sufuria ilipoungua. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza. Hakufoka. Alitafuna mswaki wake kwanza, akasema, "Sasa ni kiangazi, majani machache, nitanusa mwenyewe. Lakini masika yakija, binti yangu, majani yataingia marundo kwa marundo, na mimi peke yangu sitoshi. Pua ikiwa haijarudi nitamweka mwingine, wewe utarudi kwenye kikapu." Mzee Kihiyo hakuwa na maneno mawili, na mimi nilijua.

Habari zikafika Handeni. Ndugu zangu walikuwa wamehamia kijiji cha Ujamaa, wanalima shamba la pamoja, mahindi na muhogo. Kaka yangu akanitumia salamu kwa dereva wa lori: "Mwambieni arudi nyumbani. Jembe halina haja ya pua." Dereva alizifikisha mbele za watu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao, lakini ziliniuma.

Haraka haraka haina baraka, tunaimbiwa tangu utotoni. Lakini nani anaikumbuka methali akiwa na shida? Nikaanza kujitibu. Kila aliyenipa dawa nilipokea, hata asiyejua kutibu chunusi. Mvuke wa majani ya mkaratusi, haya, huo hauna neno. Nikaingia kwenye ugoro. Kutoka ugoro nikaenda pilipili kichaa iliyosagwa, nikapiga chafya mpaka kiuno kikauma. Mwisho nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikakisokomeza puani, maana nilisikia kuwa harufu kali huiamsha pua iliyolala. Kilichoamka ni damu. Haikukata mpaka nikateremshwa Korogwe kwa lori la majani.

Daktari aliyenipokea aliitwa Mhina, Mzigua mwenzangu, mtu mzima mwenye mvi, mpole wa sauti na mkali wa ulimi. Akamulika tochi puani, akaizima.

"Hii ni pua au ni kisima mnachimba?"

Nikamwambia ukweli wote, mpaka mafuta ya taa.

"Kwa nini?"

"Nataka irudi kabla ya masika, daktari."

"Ukipanda mahindi, kila asubuhi unafukua kuangalia kama yameota?"

"Hapana."

"Unafanya hivyo hivyo, tena unamwagia mafuta ya taa." Akakaa. "Kwenu muhogo mnaupandaje?"

Swali la kitoto kwa mtu wa Handeni. "Tunakata mti wake pingili, tunachomeka."

"Pingili ina mizizi?"

"Haina. Inaota baadaye."

"Ilikuwa wapi hiyo mizizi, mti ulipokuwa umesimama?"

Nimepanda muhogo tangu sijajua kuhesabu, na swali hilo halijawahi kunipitia kichwani.

Akanieleza polepole. Mwili, akasema, wa muhogo au wa mtu, umejengwa kwa seli, vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imebeba maagizo ya kuujenga mwili mzima. Seli ya ini inayo maagizo ya jicho, na ya ngozi inayo ya moyo. Hakuna iliyopunjwa. Tofauti yao ni moja tu: kila seli husoma sehemu yake, na sehemu nyingine imezifunga. Ini ni ini kwa sababu ya yale inayoyasoma na kwa sababu ya yale inayoyanyamazia. Ule mti wa muhogo ulikuwa na habari ya mizizi siku zote. Ulipokatwa na kufukiwa, zipo seli zilizofungua ukurasa uliokuwa umefungwa.

"Sasa pua," akasema. "Seli zinazonusa ziko juu kabisa ndani, upepo unazipiga, vumbi linazipiga. Hazidumu. Chini yake wapo wachanga ambao bado hawajawa kitu, na hao ndio wanaopanda kuchukua nafasi. Mafua yamekuulia wakubwa. Wewe na mafuta yako ya taa unakwenda kuwachoma watoto."

Mwanangu, nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni.

"Nifanye nini basi?"

"Uiache."

"Itarudi lini?"

"Atakayekutajia siku anakudanganya. Nenda mahali ukapumzike, na mkono wako uwe mbali na uso wako."

Mengine Daktari Mhina hakunieleza, kwa kuwa wakati ule duniani hapakuwa na aliyeyajua. Nimeyapata uzeeni kwa binti yangu, anayefundisha baiolojia. Anasema katika maagizo yale, ambayo wao huyaita jeni, yapo mamia yanayohusu kunusa tu, kila jeni na aina yake ya kipokeo cha harufu. Na seli moja ya pua haichukui mamia yote. Ikiwa changa inajaribu, inafungua hii kidogo na ile kidogo, kama msichana anayechagua kanga dukani. Kisha inashika moja, na nyingine zote inazifunga kabisa. Mshika mbili moja humponyoka. Kumbe pua iliijua methali hiyo kabla wazee wetu hawajaitunga. Seli iliyoshika hii na seli iliyoshika ile hukaa bega kwa bega, na harufu moja, tuseme ya karafuu, huzigusa kadhaa kwa pamoja, ubongo nao unajumlisha. Hakuna seli inayoijua karafuu peke yake.

Usidhani mambo hayo yako puani tu. Mtazame paka wa mabaka, yule mwenye weusi na wekundu. Karibu wote ni majike. Binti yangu anasema kila seli ya ngozi yake ilirithi maagizo ya rangi kwa mama na kwa baba, ikafunga upande mmoja. Zilizofunga huku zimetoa weusi, zilizofunga kule zimetoa wekundu. Paka ni yule yule mmoja. Tangu aniambie, sijamfukuza paka jikoni bila kumtazama kwanza.

Basi, nikaenda Mnyuzi kwa shangazi yangu. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa reli, karibu na kiwanda cha mkonge. Kama hujawahi kukaa karibu na makapi ya mkonge yaliyooza, mshukuru Mola. Wageni hutapika. Mimi nilikaa pale nala na kulala vizuri, na shangazi ananionea wivu. Mkono wangu niliuweka mbali na uso, ingawa kila siku nilitamani kujaribu. Nilikuwa nasali, nachambua mboga, natazama mawingu. Mawingu ndiyo yaliyokuwa yananitia hofu, maana yalianza kujikusanya upande wa milima.

Asubuhi moja natoka kufagia, kitu kikanipiga usoni. Nikaangusha ufagio. "Shangazi! Shangazi! Kunanuka!"

Akatoka mbio akidhani nyoka. "Nini?"

"Kunanuka! Uozo! Kunanuka vibaya!"

Akanitazama kama anayetafuta pa kunifunga kamba. "Kunanuka tangu nimeolewa hapa. Wewe umefika leo?" Kisha akaelewa, akanikumbatia, tukasimama tunavuta ule uvundo kama wenda wazimu wawili. Sijapata kufurahia harufu yoyote namna ile, hata uturi wa harusi yangu.

Lakini haikurudi yote, wala haikurudi sawa. Moshi ulirudi. Samaki alirudi. Kitunguu kilirudi kikinuka mpira ulioungua, na sabuni haikunuka chochote. Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda Dindira hivyo hivyo, nusu pua.

Mzee Kihiyo akanipeleka moja kwa moja chumbani. Majani yalikuwa yametandazwa, yameshageuka shaba. Nikainama, nikavuta pumzi. Kulikuwa na harufu, tena nzito, lakini si ile. Tunda lilikuwa halipo. Palikuwa na kitu kama mbao mbichi na asali, kigeni kabisa kwangu. Ningeweza kumdanganya.

"Nasikia, mzee, lakini si ile ya zamani. Siitambui."

Nikamweleza maneno ya Daktari Mhina, kwamba seli za kunusa hufa na nyingine huzaliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na konzi ya majani mkononi.

"Yaani hata pua yangu hii," akasema, "siyo niliyofundishwa nayo kazi na marehemu mwalimu wangu?"

"Ndivyo alivyosema."

Akanusa yale majani kwa muda. "Basi kumbe inawezekana kuifundisha upya. Simama hapa. Nikisema 'sasa', unuse."

Siku zote za mwanzo wa masika nilisimama ubavuni mwake. Akisema "sasa", nanusa ile mbao na asali, nakariri. Sikusema kitu wala yeye hakuuliza. Mpaka siku moja ya ukungu mzito, majani yamejaa, watu wa mashine wanasubiri, na yeye kimya. Ile harufu yangu ngeni ikajaa, ikasimama. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikaona inaanza kupita, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sasa, mzee."

Hakuinama kunusa. Aliwageukia wale vijana wa mashine akasema, "Mmemsikia," akachukua kofia yake msumarini, akatoka nje.

Nikafanya kazi chumba kile mpaka nikazeeka. Ile harufu ya tunda, harufu ya chai ya usichana wangu, sijainusa tena mpaka leo, na iliniuma muda mrefu. Sasa hainiumi sana.

Haya, mwanangu, sikukuita nikuhadithie pua. Nimesikia umeanguka katika lile uliloliendea, na tangu hapo kila wiki una dawa mpya ya kujiamsha, leo hili kesho lile, na unawatazama wenzio waliokwisha kukaa mahali pao kana kwamba wao walipewa kitu wewe ukanyimwa. Hukunyimwa. Ulichorithi ni kizima. Lakini huwezi kukisoma chote, na atakayejaribu kuwa ini na jicho kwa siku moja hatakuwa chochote. Chagua, kisha kubali kufunga mengine, wala usiwadharau waliofungua pengine. Nao ni mwili huu huu. Na kama ulichokuwa nacho kimekufa, usikidanganyie watu kuwa kipo. Ukae ubavuni mwa anayejua, ujifunze upya kwa ulichobakiwa nacho. Kitakuja na harufu usiyoizoea. Usikikatae.

Mwenyezi Mungu akufungulie lililo lako, akufungie lisilo lako, na akupe moyo wa kutulia wakati jambo lako bado liko chini ya udongo. Amina. Sasa toa hicho kidole kwenye kidonda unachokichokonoa tangu nianze kusimulia, mwanangu, ukanawe mikono tule.