Paa Lililovuka Jiwe la Mpaka

Watu waliozaliwa chini ya bati hudhani msonge hujengwa kama nyumba nyingine: ukuta kwanza, kisha fundi anapanda juu na kuezeka. Kwetu Usukumani sivyo. Paa husukwa chini, uwanjani. Fito hufungwa mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayesuka kapu kubwa, halafu majirani hulibeba na kulivika ukuta. Shika hilo kwanza, maana ndilo lililomwokoa mama mkwe wangu.

Niliolewa Shinyanga miaka ya hamsini. Mama mkwe alikuwa mjane, na msonge wake ulikuwa kando ya reli tangu siku ambazo pale palikuwa na mtama tu. Kisha mji ukamfuata. Wapimaji walikuja na minyororo yao, wakasimika mawe yaliyopakwa chokaa, na nyumba yake ikajikuta ndani ya mawe.

Karani wa mji alifika asubuhi, kijana mstaarabu mwenye mwavuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunivunjia?"

"Si mimi, mama. Ni sheria. Nyumba za majani hazitakiwi tena ndani ya mpaka. Zinaleta moto na panya. Jenga ya bati, yenye pembe nne, ama hii ivunjwe kabla ya mvua."

"Pembe za nini? Ng'ombe wangu wanazo za kutosha. Na huo mji wenu ulinikuta hapa. Ulibisha hodi?"

Karani alikohoa, akaaga.

Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alitaka yaishe. "Mama, tujenge ya bati tupumzike."

"Kalale humo wewe, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Mimi si muhogo wa kuchoma."

Lakini usiku ule nilimwona mama mkwe akipapasa ukuta. Alikuwa amezalia watoto wote ndani ya duara lile, na mumewe alifia mle. Msonge ukivunjwa, angekwenda Kishapu kwa kaka yake, akawe mgeni wa kusogezewa kigoda mpaka afe.

Kesho yake alitembea hadi kwenye jiwe jeupe, akalipita, akakwaruza ardhi kwa kisigino.

"Hapa ni pa nani?"

"Hapo ni pori, mama," mume wangu alijibu. "Mji umeishia kwenye jiwe."

"Basi chimbeni."

Tulipima duara la zamani kwa kamba, kutoka katikati hadi ukutani. Upande wa pili wa jiwe nilishika kigingi, mume wangu akazunguka na kamba akichora. Tukasimika miti, tukakandika udongo, tukasubiri ukauke. Hakuna sehemu ngumu hapo. Kinachotakiwa ni kamba isiyolegea na mtu asiyechoka kushika kigingi.

Kigumu kilikuwa watu. Majirani wengi walikwisha kuhamia kwenye bati, na walizoea kumtania kwamba anaishi ndani ya kofia. Nani angekuja kulibeba paa lake la zamani?

Walikuja. Wapagazi wa stesheni, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, wanawake waliotoka kutwanga na vumbi la mtama mikononi. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitika, na paa likanyanyuka kutoka ukutani. Ukiwa mbali ungeona kilima cha majani chenye miguu, kinatembea.

"Punguzeni mwendo, siyo jeneza!" mama mkwe alifoka.

Karani alikuwa amesimama kwenye jiwe. "Mama! Paa la majani linapita mjini!"

"Linatoka, mwanangu. Si ndivyo ulivyotaka?"

Wabebaji walicheka hadi paa likayumba. Walipofika kwenye ukuta mpya waligeuka ili ukingo uliokatwa kwa ajili ya mlango uangalie porini. Tulikuwa tumeacha nafasi za mlango pande zote mbili, maana mama mkwe alikuwa hajaamua.

"Mama atastarehe huku, asiwaone," mmoja alisema.

"Nani kasema sitaki kuwaona? Geuzeni! Mlango uangalie mji."

Wakazunguka nalo, jasho likiwatiririka, matusi ya utani yakiruka, mpaka paa likakaa. Tukaziba nafasi ya upande wa pori. Karani alifunga mwavuli, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe akakoka moto mapema kuliko kawaida, moshi ukapenya kwenye nyasi na kuelea juu ya mabati yao.

Alifia humo, kwa wakati wake. Mji umelivuka jiwe zamani, na vijana wenye kanda za kupimia huja kunisalimia mimi sasa, niliyebaki humu. Nawakaribisha, nawapa maji, nawaeleza jinsi paa linavyosukwa. Nimewaonyesha hata ufito wa kuanzia, ule mfupi wa juu; si kazi ya kuogopa, mikono hujifunza upesi. Kisha nawaambia mimi sihami.