Mwanya wa Baba

Habari ya kampuni kutaka kuimeza kampuni ilinikuta nikiwa na chapati mdomoni. Aliyeileta ni jirani yangu wa duka la simu pale Gongoni, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tabora hii hii na anayeongea Kinyamwezi kunishinda mimi mwenyewe. Aliingia studio kwangu bila hodi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, simu kaishika kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile kadi ya picha uliyoagiza Dar, kampuni yake inanunuliwa."

"Na nani?"

"Ile kubwa ya chipu. Wanasema inamnyemelea mshindani wake. Eti inataka kuziba mwanya wake upande wa picha."

"Wanasema, wanasema! Umbea tu huo."

"Umbea wa watu wa suti," akasema, "huwa unatimia."

Chapati ikanishinda, nikaiweka kando. Mimi kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, na kadi ya picha ndiyo kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye kioo. Kampuni ile ndogo ilikuwa na programu ya kusafisha video za zamani, inaiendesha yenyewe kwa mtandao kutoka huko kwao, na programu hiyo inakubali kadi zake tu. Mtandaoni watu walikuwa wanaapa kwamba kampuni ikishanunuliwa, programu itafungwa siku hiyo hiyo. Na mimi mkanda wa baba nilikuwa sijaugusa.

Baba alikuwa mtu wa reli, kituo cha Tura. Alishafariki zamani, na picha yake pekee inayotembea ni ya harusi ya shangazi, kwenye kaseti ya video iliyoota ukungu. Mama anaishi nami Mtendeni. Siku moja, anachambua mchele, akaniambia uso wa baba unampotea. "Mkono wake naukumbuka, kofia yake naikumbuka. Uso ndio hauji." Hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia vitunguu na vitunguu vyenyewe havikuwepo. Basi nilichotaka ni kimoja tu: auone uso ule kabla haujamtoka kabisa, na kabla wakubwa hao hawajamaliza mazungumzo yao.

Nilipomweleza mama kwamba kampuni ya chipu inataka kuinunua nyingine, ungo ukasimama hewani.

"Watu wa chipsi wanataka nini na sura ya baba yako?"

"Chipu, mama, si chipsi. Ndiyo ubongo wa mashine."

"Basi semeni ubongo. Mnatutia njaa bure."

Asubuhi yake nilifungua kompyuta nipulize vumbi, nikaitoa ile kadi na kuipakata. Kitu chenyewe ukubwa wa tofali, feni mbili, na chini yake kijibati kidogo cheusi chenye njia nyembamba ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona. Kuna mtu alikaa akazichora njia zile! Baba alikuwa akituambia Tura maana yake ni tua, tua mzigo, kwa sababu wapagazi wa misafara wakifika pale walishusha pembe za ndovu wakapumua. Bei ya walichokibeba ilinong'onwa ng'ambo huko na watu wasiowajua. Na mimi leo, juu ya njia ile ile ya misafara, natetemeshwa na minong'ono ya watu nisiowajua. Ila wao walibeba pembe, mimi nimebeba kitu kinachoweza kukisia uso wa marehemu, nukta kwa nukta.

Nikairudisha kadi mahali pake, nikauingiza mkanda kwenye kompyuta kupitia deki ya zamani. Feni zikavuma, na ndani ya ukungu akaanza kutoka mtu. Kwanza kofia, kisha nyusi, kisha lile kovu la paji la uso ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Nikamfuata mama kwa bodaboda, nikamketisha kwenye kiti changu, nikawasha.

Baba akageukia kamera, akacheka, akapiga mluzi. Mama akatazama kwa utulivu.

"Kijana mzuri," akasema. "Nani huyu?"

"Mama! Ni baba."

"Siye." Akavua miwani, akaipangusa kwa khanga, akavaa tena. "Na huo mluzi anapigia wapi, na meno yamefungana hivyo?"

Nikatazama. Baba alikuwa na mwanya, mwanya mpana wa meno ya mbele, ambao mama mwenyewe hukiri ndio uliomfanya amkubali. Mwanya ule ndio aliomwitia mama. Treni ikishaondoka Tura, baba alipiga mluzi kutoka kituoni na mama akainjika chai. Jina la mama hakulitaja kwa sauti mbele za watu hata siku moja. Sauti ya mkanda sikuigusa, kwa hiyo mluzi ulibaki. Lakini mashine ile ilikuwa imeona mstari mweusi kati ya meno, ikadhani ni mkwaruzo, ikauziba.

"Mshenzi wewe!" nikaitukana kompyuta, mbele ya mama yangu mzazi. Jirani akaja mbio akidhani nimevamiwa. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Si nilikwambia wanataka kuziba mwanya?"

Angekuwa si mkubwa kwangu ningemjibu.

Nikarudia, ikaziba tena. Nikarudia, ikaziba. Halafu nikaacha kuibembeleza imkumbuke baba, itamkumbukaje na haikumjua? Nikaamua kuikataza. Nikauzungushia uzio mdomo wake, picha baada ya picha, usiguse hapa, na baba mwenyewe hatulii, anacheza. Huku nafanya hivyo jirani ananiletea za mtandaoni: wanakaribiana, wamekanusha, wameonekana wameketi tena pamoja. Nikamwambia, "Mzee, kama ndoa haijafungwa, usinipigie vigelegele." Hadi naandika haya hakuna aliyemnunua mwenzake, lakini wakati ule kila asubuhi nilifungua programu ile roho mkononi, nikiikuta ipo namshukuru Mungu.

Mama sikumleta studio tena. Nilibeba kompyuta hadi nyumbani Mtendeni, nikaiweka juu ya meza ya kulia, yeye akiwa na ungo wake mapajani. Uso ukatokea safi, kope kwa kope, na katikati yake mdomo mchafu na ukungu wake wa zamani, kama kiraka. Baba akageuka. Akacheka, na ndani ya ukungu ule mwanya ukafunguka, mweusi, mpana, wa kwake mwenyewe.

Akapiga mluzi.

Mama hakunitazama. Aliweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akainuka kuelekea jikoni.

"Abee," akaitika.